Kuku Aliyetazama Angani

Tarehe 3, Jumatatu

Sijashtuka hivi tangu siku ya harusi yangu. Mama mkwe kaja asubuhi na mkokoteni, matenga mawili juu yake, na ndani ya matenga matetea kumi na mmoja na jogoo wao wa kumi na mbili, yule anayeitwa Mkurugenzi. Anakwenda kumuuguza mdogo wake, wiki tatu. Kuku nibaki nao mimi. Mimi! Mwanamke huyu mwaka jana alikataa hata nimshikie mkoba.

Alisema tangu mzee afariki, hawa ndio wanaomwamsha na kumfanya aone kuna sababu ya kufungua mlango. Kisha akanikazia macho.

"Nimewahesabu, baba. Nikirudi nitawahesabu tena."

Nimeapa. Uzoefu ninao, nina kuku watatu wangu mwenyewe. Muda pia ninao tele: kazi yangu ni kutengeneza miavuli, na hiki ni kiangazi.

Tarehe 5, Jumatano

Bwana mifugo kapita nyumba kwa nyumba. Mdondo umeingia mtaa wa pili. Banda la watu jana lilikuwa na kuku thelathini, leo limebaki na manyoya.

Kasema chanjo ni kesho alfajiri. Chupa moja inatosha kuku mia, na ikishafunguliwa haikai zaidi ya saa chache, kwa hiyo mtaa mzima tukusanyike mahali pamoja. Tone moja jichoni mwa kuku aliye mzima, imekwisha. Akarudia kwamba hii ni kinga, siyo dawa. Kuku akishaupata mdondo hakuna cha kumtibu. Na kuku yeyote mgeni atengwe wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenzake. Nikaitikia kila neno.

Halafu akataja mahali. Kwa fundi saa! Eti kwa kuwa ana jokofu la kuhifadhia chanjo. Na fundi saa ndiye atakayeandika daftari.

Mtu huyu aliwahi kunirekebishia saa nikiwa nimeivaa, barabarani, mbele za watu. Nikapange foleni uani kwake na kuku kwapani? Labda nife kwanza.

Tarehe 6, Alhamisi

Nimetoka kabla hakujapambazuka. Nilimwambia mke wangu nina mteja wa mbali. Nikajificha kwa kinyozi hadi saa nne. Tatizo la kujificha kwa kinyozi ni kwamba naye ana kazi yake. Alianza na ndevu. Nikamwambia asiwe na haraka, akahamia kichwani. Sasa sina unywele hata mmoja. Nilipojiona kwenye kioo nilidhani kuna mtu nyuma yangu.

Nimerudi, mke wangu anatwanga na kuimba. Hakuniuliza chochote kuhusu chanjo. Ajabu.

Jioni, mpango! Nimechungulia juu ya ukuta wa fundi saa nikaona pale bwana mifugo alipofukia chupa ya chanjo iliyotumika. Nimeifukua kwa waya wa mwavuli. Imebaki na matone. Nimeiweka mfuko wa shati, upande wa moyo, isipotee.

Tarehe 7, Ijumaa

Nimechanja! Bila foleni, bila daftari, bila fundi saa. Matone yalitosha kuku wangu watatu. Chupa nikaisuuza kwenye ndoo ya maji, na kuku wa mama mkwe wakanywa ndoo hiyo. Mke wangu alisimama mlangoni akaniuliza hiyo chupa ilikuwa wapi tangu jana. Nikamwonyesha mfuko. Akacheka mpaka akakaa chini. Sijui furaha hiyo yote ilitoka wapi.

Tarehe 15, Jumamosi

Nimepata bahati. Sokoni kuna mwuza kuku, mtu mwenye kofia ya sufu katika joto hili, aliyekuwa na haraka ya kuondoka. Kaniachia tetea mkubwa kwa bei ya kutupa. Mama mkwe atahesabu kumi na wawili wake, halafu atamwona huyu wa kumi na tatu, zawadi yake. Nani atakayemnyima mkwe kama mimi mkoba?

Kuku mwenyewe ana heshima zake. Hakimbii. Anatazama angani muda wote, shingo imepinda kidogo, kama mtu anayekumbuka jambo. Mbawa kaziachia chini, hana makuu. Chakula hagusi, nadhani anaona haya ugenini.

Mke wangu kasema atengwe. Nikamwuliza, wewe ukifika kwa watu ukafungiwa stoo utajisikiaje? Nimemweka katikati ya wenzake.

Tarehe 16, Jumapili

Mgeni amekufa. Jana tu alikuwa anatazama angani!

Nadhani ni upweke.

Tarehe 19, Jumatano

Yule mwekundu katika watatu wangu kaanza kutazama angani.

Mwanzo nilidhani ameiga. Kisha nikaona kinyesi cha kijani, na anahema mdomo wazi. Mchana huu na wa pili yuko vilevile, anazunguka mahali pamoja. Nimewapa maji ya pilipili. Nimewapa majivu. Nimewapa nusu ya vidonge nilivyobakiza nilipougua jino. Shingo ya mwekundu nimeinyoosha kwa waya wa mwavuli na kitambaa, kazi safi kabisa. Imerudi kupinda, na waya umepinda nayo.

Mke wangu kawahamishia wale kumi na wawili chumba cha nyuma bila kuniomba ruhusa. Kanawa miguu na sabuni kabla ya kuingia kwao. Kaniambia nisikanyage huko.

Tarehe 20, Alhamisi

Wawili wamekufa. Nilimtaja mwekundu na mchuzi katika sentensi moja. Mke wangu alinitazama hadi nikasahau nilichokuwa nasema.

Bwana mifugo kaja. Kafukia wawili hao katika shimo refu, kasema wasiliwe, wasiuzwe, na mimi nisitembelee banda la mtu. Kaniuliza huyu mwenye waya shingoni alikuwa na nini. Nikasema uvimbe wa tabia. Hakuandika.

Tarehe 22, Jumamosi

Wa tatu amekwenda asubuhi. Alikuwa anatagia chini ya meza yangu ya kazi, kila siku nikimfukuza. Leo nimekaa hapo na hakuna wa kumfukuza. Sikutegemea kuumia kiasi hiki kwa ajili ya kuku.

Na keshokutwa mama mkwe anarudi. Walikunywa ndoo moja, wamekula na mgonjwa sahani moja. Nasikiliza kila alfajiri kama Mkurugenzi atawika. Akichelewa kidogo tu, nakaa kitandani nimejishika kichwa hiki kisicho na nywele. Nitamwambia nini yule mama?

Tarehe 24, Jumatatu

Kafika. Kahesabu kwa kidole, polepole, midomo ikicheza. Kumi na wawili! Wote wazima, Mkurugenzi kifua mbele. Nikaanza kumweleza kuhusu ndoo.

Hapo fundi saa akaingia na daftari lake, bila hodi ya maana, akasoma: kuku kumi na wawili, tarehe sita, wameletwa na binti wa mwenyewe. Mke wangu! Nyumba yangu! Alipanga foleni kwa fundi saa wakati mimi nanyolewa. Kumbe fundi saa mwenyewe ndiye aliyewashika mbawa mmoja mmoja. Watatu wangu mke wangu alishindwa kuwakamata gizani, walilala juu ya paa.

Mama mkwe hakunigombeza. Alikwenda akasimama penye lile shimo la kuku wangu. Kisha akatoa tetea mmoja mweupe katika tenga, akanipa mkononi.

"Chukua, baba. Nyumba bila kuku ni ukiwa, mimi najua. Lakini msikilize mwenzako."

Nilimpokea kwa mikono miwili.

Tarehe 25, Jumanne

Nimefikiri usiku kucha na nimejifunza. Nimejifunza mengi. Kwanza, kuku wa mama mkwe wamepona, na wale wale ndio waliokunywa ndoo yangu. Daftari ni daftari, lakini ndoo nayo ifikiriwe. Pili, yule mgeni alikufa kwa upweke. Huyu mweupe sitakubali yampate hayo.

Asubuhi nimepita sokoni. Yule wa kofia ya sufu yupo, ana haraka ileile. Kaniuzia bata, mkubwa, na mpole sijaona. Bata kafumba macho kwa adabu na kuniegemezea kichwa mkononi njia nzima. Anahema kwa sauti, lakini nyumbani kwetu ni kupanda.

Mke wangu yuko mlangoni. Anauliza nimebeba nini ndani ya mwavuli.