Gorogoro ya Kostiki

Jumatatu, 5 Septemba 1994
Sista Mellen wa misheni anatafuta mtu wa kumletea sabuni muhula mzima. Atachagua Jumamosi, kati yangu na Cephas. Cephas! Mtu anayekoroga kostiki, ile dawa kali ya kugandisha sabuni, kwa kukisia, kama anasonga ugali. Mimi nitatumia sayansi. Nimemwomba mke wangu Zilpah mafuta yote ya ng'ombe aliyechinjwa kwenye matanga ya kaka yake. Ametoa. Amesema yakiharibika, nitakula mboga kavu hadi Krismasi.

Jumatano, 7 Septemba
Mpangaji wangu, Mwalimu Bonface, hufundisha kemia. Nimemsamehe kelele za redio, naye akanifundisha. Chukua gramu za kostiki, gawanya kwa arobaini, upate moli. Gawanya moli kwa lita za mchanganyiko. Hiyo ndiyo nguvu yake. Niliishia darasa la tano, lakini kugawanya najua, muulize yeyote aliyenunua shamba kwangu. Gorogoro moja, kopo la kupimia nafaka, ni kilo mbili, soko zima la Rodi Kopany linajua. Gramu elfu mbili kwa arobaini: hamsini. Kwa lita tano: kumi. Moli kumi kila lita! Nikapima kwa gorogoro ya Zilpah ya kuuzia maharagwe, nikasawazisha juu kwa kijiti. Nikapita kwa Cephas kumuuliza yeye ana moli ngapi. Akasema hafugi hizo.

Jumamosi, 10 Septemba
Aibu! Sabuni imekataa kushikana. Sista akabonyeza kipande, kidole kikazama. Akauliza kwa upole kama huu ni uji wa wagonjwa. Amechukua ya Cephas. Kurudi nyumbani, nikamlaumu Mwalimu mbele ya watu kwamba hesabu yake ni mbovu. Akachukua gorogoro, akaipindua. Kitako kimegongwa kikaingia ndani, karibu robo ya kopo.

“Mzee, hii si kilo mbili. Nani alifanya hivi?”

Zilpah akaniangalia. “Si ni wewe, Baba Odhiambo? Ulisema wateja hawaangaliagi chini.”

Nikakohoa. Jioni: mboga kavu.

Jumatatu, 12 Septemba
Nimetafakari. Shida ilikuwa kitako tu. Alfajiri nimekigonga kutoka ndani, kwa nguvu, kikatoka nje kama tumbo la diwani. Sasa itabeba kostiki kupita kilo mbili. Cephas ajipange! Nikaenda kutafuta mafuta mengine. Kurudi, gorogoro haipo. Zilpah ameenda nayo sokoni. Maharagwe yetu yote yameisha kabla ya saa sita, na foleni bado ndefu. Wateja wanamwita mtumishi wa Mungu.

Kesho nagonga tena, kitako kirudi ndani. Mwalimu ameficha nyundo yangu. Nitaazima ya Cephas.