Kwaya ya Kina Mama Imeimba Ufunguo wa Pochi Yangu

Leo kwaya ya kina mama imeimba siri yangu kanisani. Kwa sauti nne. Na ngoma.

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani, koti la Jumapili bado mwilini, lina majani mgongoni na kitu kingine cha ng'ombe ambacho sitakitaja. Najua video imeshawafikia. Basi afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjamsikia Papa Bahati.

Nianze na sehemu inayonipa heshima. (Ni fupi.)

Mnajua kwamba makala zangu hulipwa kwa sarafu za mtandaoni. Tangu benki zifungwe huku kwetu, jarida moja la ng'ambo hunitumia malipo hivyo, na mimi nimekuwa nikiweka kidogo kidogo kwa ajili ya mabati. Tuliporudi kijijini Karuba baada ya kukimbia vita tulikuta kuta za mbao zimesimama, lakini mabati yameng'olewa yote. Tukafunika nyumba kwa turubai. Mvua ya milima yetu ya Masisi inajua kila tundu la turubai lile. Ikinyesha, Mama Neema, mke wangu, huniuliza, "Papa Neema, yale mabati iko wapi?" Namjibu, "Iko mu simu." Anaangalia simu, anaangalia juu.

Sasa, pochi ya sarafu hizi ina ufunguo wake wa akiba: maneno kumi na mawili, kwa mpangilio maalumu. Simu ikiibiwa, kompyuta ikiungua, ukiwa na maneno yale unaifungua pochi kwenye simu nyingine yoyote. Ubaya ni kwamba mtu mwingine akiwa nayo, naye anaifungua. Wala haulizwi jina.

Watu wa miji yenye usingizi huandika maneno hayo kwenye karatasi wakaifungia ndani ya kasha la chuma. Sisi je? Karatasi yangu ya kwanza iliyeyuka mvuani tulipokuwa tunakimbilia mji wa Sake. Ya pili niliishona kwenye pindo la koti. Koti likabaki kwenye barrière, pale wanapopekua watu, maana mpekuzi mmoja alilipenda. (Lilikuwa zuri, sikatai.) Kilichoniokoa mara zote ni simu, ambayo niliificha ndani ya debe la maharage. Kompyuta nayo ina nenosiri refu kama sala ya Pasta wetu, jicho la kamera nimelibandika plasta, na hulala katika gunia la maharage. Atakayeiiba itabidi kwanza apike.

Ndipo likanijia wazo ambalo hadi dakika hii naliona bora kuliko yote. Kichwa! Kichwa hakipekuliwi kwenye barrière. Ila kichwa cha mtu wa umri wangu kinavuja kuliko turubai. Kwa hiyo nikatunga wimbo. Maneno yangu yalikuja kwa Kifaransa, nami nikayashonea sifa za Bwana, moja baada ya jingine, ili yasidondoke:

Agneau wa Mungu, umesimama kwenye colline,
unatufunika kwa parapluie yako...

(Yaani mwanakondoo, kilima, mwavuli. Msihangaike kuandika. Maneno yenyewe nimeyabadilisha hapa. Mnaniona mjinga, lakini si kiasi hicho.)

Yalikuwemo magumu zaidi. Jaribuni ninyi kumtukuza Mungu kwa neno moustache. Mimi nilifaulu: yeye aliyehesabu nywele za vichwa vyetu, hata masharubu anayajua. Tena kulikuwa na pingouin, yule ndege wa nchi za barafu. Naye nilimpeleka kwenye sifa, akaenda.

Wimbo ule niliuimba kila siku nikipalilia maharage, usije ukanitoka. Nilidhani niko peke yangu. Hilo ni kosa la mtu aliyesomea mbali sana na milima. Vilima vya Karuba vinabeba sauti, na mashamba yetu yameshikana kama vidole. Upande huu analima Mama Neema, mwimbishaji wa kwaya. Upande ule wanalima sauti ya pili na sauti ya tatu.

Na kuna jambo jingine. Hivi karibuni niliendesha semina palepale kanisani, juu ya kulinda akiba ya mtandaoni. Watu walijaa. Niliwaambia, "Mwenye maneno kumi na mawili ndiye mwenye pesa." Nikawafanya warudie. Papa Bahati, muuza jibini na rafiki yangu tangu shule ya msingi, alirudia kwa sauti kuliko wote.

Sasa tuje leo.

Kanisa limejaa, hata wageni wametoka Nyabiondo. Nimekaa mbele, safu ya wanaoheshimiwa. Kwaya ya kina mama inasimama, vitenge vipya, na Mama Neema ananikonyeza. Tangu lini mke wangu hunikonyeza kanisani? Anachukua mikro.

"Bandugu, leo tuko na wimbo mupya. Mutunzi iko hapa katikati yetu. Hajue kama tulimusikia. Papa Neema, ni zawadi yako!"

Vigelegele. Nikatabasamu. (Nina udhaifu huo. Mtu akisema "mtunzi", mimi hutabasamu kwanza, maswali baadaye.)

Ngoma ikalia. Kisha sauti ya kwanza ikaanza: "Agneau wa Mungu..."

Tabasamu likabaki usoni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaondoka.

Neno la pili. La tatu. Na hawakuimba tu! Mke wangu alikuwa ameliwekea kila neno la Kifaransa ishara ya mikono, ili wageni wafuate. Kwenye parapluie mikono yote ikafunguka juu ya vichwa. Kwenye moustache wote wakajipangusa mdomo wa juu, upande huu, upande ule. Hata waliokosa nafasi wakabaki nje dirishani walikuwa wanayapata maneno yangu bila kusikia kitu.

Nikageuka nyuma. Papa Bahati alikuwa anahesabu kwa vidole. Mkono wa kulia ulikuwa umeisha. Alikuwa ameingia wa kushoto.

Nikaruka. "Simamisha! Bamama, simamisha!"

Mnafikiri walisimama? Kanisani kwetu mtu akiruka na kupiga kelele katikati ya wimbo, wimbo haukatizwi. Anaongezewa! "Amina!" "Muache Bwana amushike!" Pasta akaja kunidaka nisianguke. Ngoma ikapanda. Nikamponyoka Pasta, nikafuata waya wa spika hadi kwenye betri, nikaung'oa.

Kina mama wakaendelea bila mikro, kwa zile sauti wanazotumia kuitana kutoka kilima hadi kilima. Kumbe spika ndiyo iliyokuwa inawapunguza.

Walipofika mwisho wa ubeti Pasta akainua mkono. "Papa Neema, kuna nini? Wimbo haikufurahishe?"

Hapa akili yangu ilifanya kazi vizuri, nasema bila haya. Kama maneno hayarudi, basi niyavuruge. Nikarudisha waya mahali pake, nikafunga koti vifungo, nikachukua mikro.

"Pasta, wimbo ni muzuri sana. Lakini mistari iliharibika kidogo mu njia. Mutunzi njo mimi, si mutu mwingine. Niache nifundishe kanisa mistari ya kweli."

"Amina! Kanisa yote, simama!"

Wakasimama wote. Nikaanza kwa kujiamini: "Parapluie wa Mungu..."

"Apana!" Mama Neema huyo. "Ni agneau njo inaanza."

"Mama Neema, mutunzi ni mimi."

"Mutunzi ni wewe, lakini masikio ni yangu! Nilikusikia kila siku ku shamba, tangu maharage inatoa majani mpaka tunavuna. Haukubadilisha hata neno moja. Hata ile siku ulikuwa na malaria!"

Kanisa likacheka. Nikajaribu tena. Nikairuka colline, nikaenda moja kwa moja kwa pingouin.

"Apana, Papa! Nyuma ya agneau inakuya colline. Nyuma ya colline inakuya parapluie." Akawageukia watu. "Bandugu, murudie nyuma yangu mimi. Huyu leo aliamuka vibaya."

Wakarudia nyuma yake. Kanisa zima, wageni wa Nyabiondo pamoja, kila neno mahali pake, na ishara zake. Nami nimesimama mbele yao na mikro mkononi kama mkurugenzi wa shule ya kunifilisi. Sijasikia popote duniani wezi waliofundishwa kwa uvumilivu namna ile.

Neno la mwisho lilikuwa pingouin. Wakatembea wote kidogo kidogo, mikono imebanwa ubavuni, hata Pasta. Kisha wakatulia. Na katika utulivu huo Papa Bahati akauliza. Hakupaza sauti, lakini kanisa la mbao halimfichi mtu.

"Papa Neema... ile ni kumi na mbili?"

Nikaona vichwa vinageuka, kimoja, kingine, vyote vya watu waliokuwa kwenye semina yangu. "Aaaah!" Mama mmoja wa sauti ya tatu akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakitikisika. Mama Neema akaniangalia mimi. Akaviangalia vidole vya Papa Bahati, ambavyo bado vilikuwa hewani. Akaangalia juu.

"Papa Neema! Ile ni mabati yetu?"

"Njo yenyewe."

"Na uko naimba mabati ku shamba?!"

Hapo kanisa lilianguka. Waliokuwa hawajui kitu walicheka kwa sababu waliokuwa wanajua walikuwa hawawezi tena kupumua. Mgeni mmoja kutoka Nyabiondo akamuuliza jirani yake, "Huku kwenu mabati inaimbiwaka?" Mke wangu peke yake hakucheka.

"Sasa uko nangojea nini? Kimbia!"

Nikakimbia. Ndani ya kanisa hakuna network. Network ya Karuba inapatikana juu, kwenye malisho nyuma ya kanisa, karibu na ua wa ng'ombe. Nikapanda na viatu vya ngozi, vya kuhudhuria makongamano. Vinateleza. Nikaanguka chali mbele ya ng'ombe waliokuwa wametulia wakitafuna (sasa mmeelewa habari ya koti). Nikainuka, simu juu kama mtu anayemuuzia Mungu simu, hadi kikaja kijiti kimoja. Nikafungua pochi mpya, yenye maneno mapya kabisa. Nikaamuru pesa yote itoke kule, ije huku. Kale kaduara kakaanza kuzunguka.

Kakazunguka.

Kule chini mlango wa kanisa ukafunguka. Kwaya ikatoka, kanisa nyuma yake. Pasta alikuwa ameamua kwamba ndugu aliyepatwa na shida haachwi peke yake mlimani. Wakapanda wakiniombea kwa wimbo. Wimbo gani, mnauliza? Tena mikononi wameshika simu, wanarekodi. Na huku juu, mbele ya ng'ombe, ndiko simu zote za kijiji hupata network!

Mama Neema alitangulia, viatu mkononi, anahema.

"Imepita?"

"Bado."

"Na sasa?"

"Bado!"

Kwaya imefika kwenye parapluie. Naiona mikono ikifunguka kwenye mteremko.

"Sasa?"

"Mama, usinisukume... Imepita. Imepita! Yote."

Akakaa chini kwenye majani, bila kuangalia kwanza anakalia nini. Halafu ndipo alipocheka. Alicheka mpaka akalala ubavu, akajifuta machozi kwa kitenge kipya.

"Ungeniambia kama ni siri," akasema, "hakuna mutu angeisikia. Miye nilizani uko naomba. Nikajisemea, kumbe bwana yangu siku hizi anapenda Mungu hivi. Nikaona aibu, nikasema niifundishe kwaya, Mungu asikie kama tuko wawili."

Kwa hilo sikuwa na mzaha wowote. Nilimpa mkono ainuke.

Kwa hiyo mabati yapo, msiwe na wasiwasi. Tutaezeka kabla ya mvua kubwa. Wazo langu pia bado naliona ni zuri. Lilikosa mtu mmoja tu wa kushauriana naye, na alikuwa anapalilia mstari wa pili kutoka kwangu. Maneno mapya tumegawana, yeye nusu na mimi nusu, na tumekubaliana kwamba hakuna anayeyatia sauti.

Ila kuna hili. Kwa ile haraka, makombo fulani yalibaki kwenye pochi ya zamani, hata kipande cha jibini hayanunui. Nilipofika nyumbani nikachungulia, nikakuta pamefagiliwa. Kabla sijakasirika ujumbe ukaingia, wa Papa Bahati:

"Ni mimi. Nilikuwa naangalia tu kama nilielewa somo. Sasa brevet yangu ya semina nitaipata lini?"

Ndiyo kazi ninayoifanya humu chumbani. Nimemwandikia cheti chake kwa mkono, "amefaulu vizuri sana", nikatia sahihi. Chekeni mnavyotaka. Lakini mkubali: semina ilieleweka.