Mkaguzi Mpya wa Ndege ya Misheni

Jumatatu, 5 Februari 1979. Biharamulo.

Nimedhalilishwa! Nilipeleka kibuyu cha asali kwenye ndege ya misheni, kimfikie dada yangu Mwanza. Anastazi, mgambo anayekagua mizigo tangu vita vianze, akakichoma kwa spoki ya baiskeli. Eti anatafuta bomu! Asali yote kwenye suruali yangu ya kanisani. Abiria walicheka, hata padri. Nyuki wakanisindikiza nyumbani.

Ukaguzi huu wa serikali umeoza. Uondolewe. Kijiji kijitegemee! Kiongozi anayefaa namjua. Ni mimi.

Jumanne, 6 Februari

Ushahidi huu hapa. Nimeficha panga ndani ya mkungu wa ndizi, nikapita nao mbele ya Anastazi. Akausifia mkungu! Nikageuka nao, mbio kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Pancras. Shikamoo, marahaba, nikafunua panga. Akauliza ni mwendawazimu gani anapeleka panga kwenye ndege nchi ikiwa vitani. Swali hilo sikulitarajia. Nusura nilale mahabusu.

Lakini panga limempita Anastazi kweli, basi amekubali nijaribu kazi Ijumaa. Anastazi apumzike. Ha!

Ijumaa, 9 Februari

Nimevaa koti la mvua la marehemu baba. Jua kali. Nimemvua padri viatu. Nimempekua Bibi Deodata, mama wa mwenyekiti, hadi ndani ya kiko. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Ndipo wakamleta jirani yetu Bernadetha kwenye machela. Uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya, mkunga kasema awahishwe Mwanza. Nikasema utaratibu ni utaratibu. Nikaanza kukunjua khanga zake moja moja. Akanikamata ukosi.

“Xavery, nikifa hapa nitarudi nikukague wewe!”

Anastazi, aliyekuwa kando akitafuna muwa, akaninyanyua kama gunia la muhogo, akaniweka pembeni, akapitisha machela. Ndege ikaruka. Nilimwombea Bernadetha, kweli kabisa.

Jumapili, 11 Februari

Habari zimekuja kwa redio ya misheni. Bernadetha mzima! Mtoto wa kiume, mzima! Nimelia kwa furaha. Kisha nikasikia jina la mtoto. Anastazi.

Mwenyekiti amemrudisha mgambo wake kazini. Amemwambia aache spoki, na wagonjwa watangulie. Hayo ndiyo mabadiliko yote! Mimi nikionekana tena kwenye kiwanja cha ndege, nitapelekwa mstari wa mbele.

Nimetafakari sana. Tatizo ni kiwanja, si mimi. Ubatizo unakuja, wageni wengi, vikapu vingi, na mlango wa kanisa hauna mkaguzi! Nimejitolea kwa padri. Amesema kwanza anamwomba Mungu ampe subira.

Hajakataa.