Mizani Juu ya Friza

Jumatatu, 6 Oktoba

Baba mkwe ametangaza. Mzee Florian Kubiak, mwenye ekari themanini za msitu na sauti ya msumeno, amesema mwaka huu Kibanda cha Mierezi hakitolewi bure. Jumapili tutalenga shabaha, mimi na shemeji Verlyn, risasi tano kila mmoja, yadi mia moja. Ambaye matundu yake yatakaribiana zaidi ndiye atakayevizia kulungu pale siku ya kwanza ya msimu. Mwingine ataenda Kibanda cha Bwawani.

Miaka tisa nimekaa Bwawani! Miaka tisa sijaona hata mkia wa kulungu. Maji huingia kwenye viatu asubuhi na hayatoki hadi Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Verlyn, kaka wa mke wangu, amekaa kwenye mierezi miaka yote hiyo kwa kuwa ni mtoto wa mwenye msitu. Mwaka jana kulungu alikuja mpaka chini ya kibanda chake, akasimama kama anayesubiri basi.

Nimechunguza. Bunduki zetu ni aina moja. Sote tunajaza risasi zetu wenyewe, baruti tunanunua duka moja. Tofauti ni mizani tu. Yeye anapimia baruti kwenye mizani ya kizamani ya mkono wa chuma, ile yenye sindano inayopanda na kushuka mpaka ichoke. Ilikuwa ya marehemu baba yangu. Nilimpa mwenyewe nilipokuwa nasafisha gereji. Niliona ni takataka. Bado naona hivyo.

Nanunua mizani ya umeme. Kibanda ni changu.

Jumanne, 7 Oktoba

Dukani. Bi Ione, mwenye duka la bunduki, akanitolea mizani tatu. Ya mkono, nikacheka. Ya umeme, nzito, yenye vyuma vidogo vya kuihakiki. Na kidude cha mfukoni, bei ya sahani mbili za samaki.

Akanipa mhadhara. Kwamba baruti si unga wa keki, ukizidisha bunduki itakurudishia usoni. Kwamba mizani ya umeme iwashwe nusu saa kwanza ipate moto. Isikae penye upepo, wala karibu na simu, wala chini ya taa ya mrija, wala juu ya kitu kinachotetemeka. Nikaitikia kwa kichwa. Kioo chake kinawaka buluu. Kizuri mno.

Nimenunua ile nzito kwa ajili yangu. Na kidude kwa ajili ya Verlyn! Keshokutwa ni siku yake ya kuzaliwa. Ataona aibu kutokitumia, ataiweka ya baba kabatini, na Jumapili matundu yake yatatawanyika karatasi nzima. Sina nia mbaya. Kwenye kadi nimeandika: "Usizidishe."

Jumatano, 8 Oktoba

Nimefunga mizani chumba cha chini, juu ya friza. Ndiyo meza pekee ambayo Rosalyn, mke wangu, hajaijaza mitungi ya kachumbari. Ndani ya friza mna nusu ya kulungu wa Verlyn wa mwaka jana. Anatugawia kila mwaka. Kujionyesha tu.

Balaa. Kijiko kilekile cha baruti, namba tatu tofauti! Nikazima taa ya mrija, nikawasha tochi. Namba ikayumba. Nikapeleka simu juu. Ikayumba. Nikazima tanuri la kupasha nyumba joto, maana linapuliza hewa. Baada ya saa moja Rosalyn akauliza kwa nini anaona pumzi yake jikoni. Nikamwambia ni kwa ajili ya mierezi. Akavaa koti langu la rangi ya machungwa la kuwindia, akaendelea na supu yake, akasema kwamba mama yake alimwonya.

Nikabana pumzi. Nikaona nyota. Namba bado inayumba.

Ndipo nikaweka kiganja juu ya friza. Inatetemeka! Injini yake inanguruma huko nyuma mchana kutwa na hakuna aliyewahi kuiuliza. Nikachomoa waya. Kimya. Namba ikasimama wima. Nikaweka chuma cha kuhakiki mara kumi, ikasoma sawasawa mara kumi. Tanuri nimeliwasha tena, kwa ajili ya Rosalyn.

Mimi ni mtu hatari.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimempa Verlyn zawadi. Akafurahi kwelikweli, akanikumbatia mbele za watu. Akasema mkewe humpa soksi kila mwaka, mimi peke yangu ndiye ninayemfahamu. Nikasikia kitu kikinichoma kifuani. Nadhani ni keki.

Nimejaza risasi ishirini. Kila kipimo sawa na mwenzake. Sijawahi kuona kazi safi namna hii.

Ijumaa, 10 Oktoba

Samaki wa kukaanga ukumbi wa klabu, kama kila Ijumaa. Verlyn akasimama na bia yake, ukumbi mzima ukamsikia: "Jamani, shemeji yangu kaninunulia kimizani, ni kiboko! Kahawa yangu haijawahi kuwa tamu hivi."

Kahawa! Anapimia kahawa!

Nikamuuliza, huku nikijifanya natafuta chumvi, baruti anapimia nini basi. Akasema anapimia ile ya marehemu mzee wangu, na hata apewe ng'ombe haiachi. Akaongeza kwamba kila akiishika anamkumbuka mzee alivyokuwa akimkaripia mtu akipiga chafya karibu nayo.

Sikumaliza samaki wangu. Rosalyn alimaliza.

Jumamosi, 11 Oktoba

Chumba cha chini kina harufu. Panya amefia mahali. Nimetega mitego minne.

Pia kuna maji sakafuni, mekundumekundu. Kutu ya bomba. Nimeweka ndoo. Rosalyn akauliza kama anishikie tochi nitazame vizuri, nikamwambia asishuke, vumbi litaingia kwenye mizani. Akasema sawa, yeye kesho atashuka mara moja tu kuchukua soseji za kulungu za chakula cha mchana kwa baba yake.

Nimepanga risasi zangu tano bora kwenye kisanduku. Nimezifuta moja moja.

Jumapili, 12 Oktoba



Verlyn alianza. Matundu yake matano yalifunikwa na sarafu moja kubwa. Mzee Florian akaguna, na kwake hiyo ni pongezi.

Mimi. Ya kwanza katikati. Ya pili ikagusa ya kwanza. Ya tatu, ya nne, ndani ya tundu lilelile! Mzee akavua kofia. Verlyn mwenyewe akasema, "Duh, shemeji, leo umeamka na nani?" Imebaki moja. Nikaiona mierezi. Nikawaona kulungu wamepanga foleni. Nikavuta pumzi, nikaanza kubana kidole.

Simu ikatetemeka kwenye mfuko wa kifuani.

Risasi ya tano haikugusa karatasi. Mzee anadhani imeingia kwa jirani, shamba la mahindi.

Alikuwa Rosalyn. Hakunipa salamu. Alisema, "Friza, Delmar," akakata.

Nilikula viazi vitupu mezani kwa baba mkwe. Mzee akanishauri, mkwe wake, nitafute viatu virefu zaidi vya Bwawani. Verlyn akanifuata nje. Akasema nyama ipo, atatuletea nyingine. Akasema pia nichukue mizani ya mzee wangu, kwa kweli ni yangu, haihitaji umeme wala haijali friza. Aliitoa kwenye gari ikiwa imefungwa kwa taulo safi. Nikaiangalia. Sindano ilikuwa imetulia kabisa.

Nikamrudishia. Haina kioo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Siku nzima nimesugua friza kwa siki. Rosalyn anawasiliana nami kwa vikaratasi. Cha leo kinasema: CHOMEKA WAYA.

Lakini nimefikiri kwa makini. Mizani haikukosea. Risasi nne tundu moja! Kosa lilikuwa simu, tena ya Rosalyn. Mwaka ujao tunaficha simu yake.

Na friza tupu, isiyowashwa, ndiyo meza iliyotulia kuliko zote wilayani. Nimepiga simu kwa Bi Ione. Ana mizani nyingine, inasoma vipimo vidogo mara kumi zaidi, kioo kijani. Kesho asubuhi naifuata.

Verlyn amepita jioni na katoni mbili za nyama na soseji, zimeganda barafu. Mtu mwema, nakiri. Nimeziweka kando ya tanuri, kwa muda tu. Juu ya friza lazima pawe kavu.