Picha Nzuri Kuliko Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Mteja wa leo: inzi. Aliingia studio, akatua kwenye kioo cha kujitengenezea, akajitazama, akaondoka bila kupiga picha. Hata yeye!

Zamani Jumapili foleni ilifika barabarani. Watu walipaka viatu rangi ilhali picha iliishia kifuani. Marehemu mke wangu alisimama mlangoni na kitana na poda, akimnong'oneza kila mtu asicheke, akumbuke tu jambo zuri. Mimi ndani ya chumba cha giza, penseli juu ya filamu, namfutia huyu kovu, namjazia yule mashavu. Hakuna aliyetoka kwangu akiwa mbaya. Hakuna! Ee Mungu, jinsi ninavyoukumbuka mlango ule ukigongwa.

Sasa ushirika wa mtaa, ambao ndio wenye safu yetu ya maduka, umepata mjenzi anayetaka kuinunua na kuibomoa. Wanachama watapiga kura Jumamosi ya wiki ijayo. Studio yangu ni mlango wa mwisho wa safu. Ikiuzwa, nimekwisha. Wazee wako upande wangu. Vijana wanataka jengo la ghorofa, na kiongozi wao ni Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mtu anayepiga picha kwa simu na kuzichapa papo hapo, hana haya.

Nimepata wazo. Nimelipata nikinyoa ndevu. Nimejikata, lakini wazo lipo.

Jumanne, 4 Machi

Wazo ni hili: kila mpiga kura aonyeshe kadi yenye picha! Kadi zetu za ushirika zina jina tu. Mpaka leo msimamizi huuliza nani anamjua huyu, umati unaitikia, basi. Ndiyo maana uchaguzi uliopita marehemu fundi saa alipiga kura. Alipanga foleni kama watu, nasikia, na chai aliulizia.

Haki itatendeka, na mtaa mzima utakuja kwangu kupigwa picha. Sijui kipi kinanifurahisha zaidi. Najua.

Dada yangu mkubwa, aliyenilea tangu mama afariki, kanipinga kabla sijamaliza sentensi. Kasema hapa tunajuana hadi vikohozi. Kasema mtu hanyimwi usemi kwa kukosa kipande cha karatasi. Nikamkumbusha fundi saa. Akasema yule aliyejifanya fundi saa walimjua vizuri sana, walinyamaza kwa sababu alikuwa wa upande wao, na picha haitibu woga. Dada ana maneno. Nikamwambia zama zimebadilika. Akauliza tangu lini mimi nikazipenda zama.

Ijumaa, 7 Machi

Mkutano. Nilihutubia nikiwa nimevaa tai. Nilitegemea Kinyozi apinge, nikawa nimeandaa kejeli nzuri nzuri. Akaunga mkono! Kejeli zote zimeharibika. Kasema picha ni sawa kabisa, bora tu ifanane na mwenyewe. Watu wakacheka huku wakinitazama. Sikuelewa kilichowachekesha.

Pendekezo limepita. Msimamizi ataletwa kutoka nje ya mtaa, asiyemjua yeyote, asimpendelee wala kumwonea mtu. Hilo nalo lilikuwa wazo langu!

Jumatano, 12 Machi

Foleni! Mpaka barabarani! Nilisimama nyuma ya kamera machozi yakanitoka, nikasingizia poda. Wamekuja wale wa zamani. Wamepungua, lakini wamekuja. Bibi muuza vitambaa kaketi kwenye kiti kilekile alichokalia siku alipopigwa picha na mchumba wake. Mchumba alikuja kuwa mume, mume akatangulia, lakini leo Bibi alijisogeza kidogo akaacha nafasi upande wa kushoto. Sikumwambia arudi katikati.

Vijana wamekwenda kwa Kinyozi. Shuka jeupe ukutani, pa, umekwisha. Wametoka kama watu waliokamatwa.

Mimi nilitumia penseli. Mtu hawezi kwenda kwenye uamuzi mkubwa na mifuko chini ya macho. Seremala nimemrudishia nywele. Bibi nimempa shingo yake ya zamani, naikumbuka vizuri. Dada kaitazama picha yake kwa muda mrefu, akauliza huyu binti ni nani. Nikajua amefurahi.

Jumamosi, 15 Machi

Balaa!

Msimamizi ni mama mwenye miwani, mpole, na kweli hamjui mtu. Anatazama kadi, anatazama uso. Kadi, uso. Vijana wa Kinyozi walipita kama maji. Akafika seremala. Mama akamwomba kwa adabu amwite mwanawe mwenye kadi aje mwenyewe. Bibi muuza vitambaa kaambiwa asithubutu tena kutumia kadi ya mjukuu. Umati ukapaza sauti kwamba tunawajua hawa, ni wetu! Mama akajibu kwamba sheria inasema picha, na sheria mmeitunga wenyewe. Macho yote kwangu.

Kura zote za kuiokoa studio zimebaki nje ya lango.

Na Dada! Tulipoanza ushirika alibeba matofali ya safu hii kichwani. Hakugomba. Alivua kitambaa cha kichwa ili aonekane vizuri, mvi zote nje mbele za watu, akasubiri. Mama akatikisa kichwa. Nilisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia. Nikapiga kelele kwamba picha hizo nimezipiga mimi, mimi ndiye shahidi. Mama akaomba kadi yangu. Picha yangu nilijipiga mwenyewe. Nimekataliwa pia.

Jumapili, 16 Machi

Bado kuna pumzi. Malalamiko yamezidi, kwa hiyo masanduku hayajafunguliwa. Waliokataliwa wamepewa mpaka Jumatano walete picha zinazofanana nao na kupiga kura. Baada ya hapo hakuna mjadala.

Kinyozi alikuja mlangoni. Nilidhani amekuja kucheka. Kasema anataka kunishinda, lakini si kwa namna hii, na kwamba yuko tayari kuwapiga picha wazee wote kwa simu yake bila malipo. Nikamjibu kwamba studio bado ina mwenyewe. Kaondoka akishika kichwa. Watu wana kiburi!

Dada hakunilaumu, afadhali angenilaumu. Kasema tu, "Mdogo wangu, mimi nataka uso wangu. Nimeutolea jasho huu. Usinipunguzie kitu." Nikaapa. Nimeapa kwa kaburi la mama.

Jumanne, 18 Machi

Nimewapiga wote upya. Bila poda, bila madaha, taa moja. Dada alikuwa wa mwisho. Aliketi wima, akaitazama kamera kama anayeidai.

Nilipoitoa picha kwenye maji niliisogeza karibu na taa. Dada amezeeka. Sikuwa nimeliona hilo. Mtu unamwona kila siku akikumiminia chai, wewe unaendelea kumwona msichana aliyekukimbiza uwanjani ukaoge. Mkunjo wa jicho la kushoto ni wa mwaka ule nilipougua, alipokesha kando ya kitanda changu. Nimelia, naandika tu ukweli. Picha imefanana naye kabisa. Kesho asubuhi anaipeleka, kura yake inahesabiwa, na pengine safu yetu inapona.

Nimeuondoa ule mkunjo mmoja tu, kwa kuwa mwenye makosa ni mimi. Wa kulia ukabaki peke yake, haukupendeza. Halafu shingo. Halafu nikaona si haki kumpendelea ndugu yangu, nikawashughulikia wengine wote. Zimekauka sasa, nimezipanga mezani, na wallahi ni kama Jumapili zile. Tumeshinda. Nani atakuwa na moyo wa kuwarudisha nyumbani watu wazuri namna hii?