Sindano Kulia, Jipu Kushoto

Jumatatu, 8 Februari 1960
Jipu limenitoka tako la kushoto, kubwa kama limau. Daktari wa zahanati kanidunga sindano tako la kulia, na kila siku nikadungwe nyingine hadi wiki iishe. Akasema nilale, nisikimbie, nisitoke jasho. Nikasema sawa. Mtu mwenye sindano mkononi habishiwi.

Lakini Jumapili kuna mchezo wa ng'ombe Pujini, ule wa kumchokoza dume kwa kitambaa na kukwepa pembe. Ng'ombe ni wa Mzee Ngwali, na Mzee Ngwali ndiye babake Mwanamize, niliyempelekea posa. Jirani yangu Nyange naye kapeleka. Jawabu bado. Sasa mie nilale, Nyange aruke mbele ya ng'ombe peke yake? Thubutu!

Jumanne, 9 Februari
Nimefikiri sana. Dawa iko kulia, ugonjwa uko kushoto. Bila kutikiswa itavukaje? Nimekimbia baina ya mikarafuu hadi kikoi kikalowa. Dada yangu, Bi Kazija, akanikumbusha kuwa nimeambiwa nilale. Nikamwambia usiku nalala. Akasema sikio la kufa halisikii dawa, akaenda zake kukuna nazi.

Jumatano, 10 Februari
Jipu sasa kama embe. Uvimbe umefika pajani, wa moto. Dalili njema: dawa imeshavuka, wanapigana.

Jioni mazoezi, kwa ng'ombe wa maziwa wa Bi Kazija. Nikapepea kitambaa, nikaruka huku, nikaruka kule. Ng'ombe anacheua tu. Nyange akapita, akauliza nani kamroga. Sikujua kasema mie au ng'ombe. Akasema mwaka huu hachezi, Jumapili ana kazi. Mwoga mkubwa. Mke nishapata.

Ijumaa, 12 Februari
Homa. Daktari katazama, kanuna. Akauliza kama napumzika. Nikasema napumzika mno. Akaitazama miguu yangu, vumbi hadi magotini. Akasema mwili ukiwa vitani na maradhi usiutafutie vita vya pili. Sindano zimeongezwa.

Baada ya sala nikampelekea salamu Mzee Ngwali: nitacheza.

Jumapili, 14 Februari
Zumari linalia, wanawake wanaimba, Mwanamize kasimama mbele kabisa. Nikaingia na kitambaa. Ng'ombe akanitazama. Nikaruka mara moja. Jipu likapasuka.

Nilipiga ukelele hata ng'ombe akarudi nyuma. Watu wakadhani nimepigwa pembe, wakanibeba. Njiani ikajulikana kuwa ng'ombe hakunigusa. Sijafika nyumbani, wanawake wameshanitungia wimbo. Una kiitikio kizuri, Mungu awasamehe. Nimelia, wala si kwa maumivu.

Jumatatu, 15 Februari
Mzee Ngwali kaja kunijulia hali. Mpole sana. Akasema wa kuruka anaye, ng'ombe wake. Mkwe alimtaka mtu anayesikia neno. Jana, sisi tuko mchezoni, Nyange alikuwa kwake akimwezekea banda. Harusi ya Nyange na Mwanamize ni Alkhamisi, kabla Ramadhani haijaingia. Nimealikwa, nikiweza kukaa.

Moyo umeniuma kuliko jipu. Daktari naye kasema sindano wiki nyingine nzima, nilale kifudifudi, nisitikisike. Safari hii nimekubali kwa dhati.

Ila harusini patakuwa na kirumbizi. Kirumbizi huchezwa kwa fimbo, fimbo hushikwa kwa mkono, na mikono yangu haina jipu hata moja. Mwanamize akiniona, huenda akageuza mawazo. Nimemwomba Bi Kazija anikatie fimbo.