Chupa Yangu ya Njaa

Leo nimeadhirika, jamani! Tena mchana kweupe, mbele ya kamati nzima ya shule. Nawaandikia nyie mliosoma nami chuo, maana hapa Gongo la Mboto kila mtu keshajua.

Mnakumbuka nilivyowaambia kamati inataka kukodisha chumba changu cha maabara kwa muuza mitumba? Eti kina mlango wa barabarani, halafu mie sikitumii. Sikitumii! Nina hadubini moja yenye kioo kilichopasuka, nifanyeje? Nikaomba wanipe siku moja niwaonyeshe kitu kabla hawajaamua. Siku yenyewe leo.

Nilichota vijidudu vya kijani mtaroni (ndiyo, mtaroni, niacheni), nikavigawa kwenye chupa mbili za jamu. Moja nikaiandika SHIBE, nikawa naitia naitrojeni, yaani punje za mbolea ya chumvichumvi. Ya pili nikaiandika NJAA. Hiyo ilipata kila kitu isipokuwa mbolea. Sasa vijidudu hivi vikikosa naitrojeni havifi. Vinapunguza kazi, vinaila rangi yao vyenyewe, vinageuka njano, vinatulia kungoja siku ya kupata. (Vina ndugu zao wanaojua kuitafuta naitrojeni hewani. Hivi vyangu havijui. Vimenifuata mie.)

Ijumaa NJAA ikawa njano safi. Nilicheza peke yangu pale dirishani!

Siku hiyohiyo nikaitwa msibani Pugu. Chupa nikaziacha dirisha la uani zipate jua, nikamwendea Bi Mwanaidi, mama mwenye nyumba wangu.

"Shikamoo, mama. Nakuomba mtu asiziguse chupa zangu."

"Marahaba, mwanangu. Nenda kazike."

Nimerudi jana magharibi, mgao, umeme hakuna. Nikazifunga chupa kwenye kanga gizani, nikazitia kwenye boksi. Sikuangalia! Mie huyuhuyu ninayewaambiaga wanafunzi waangalie kwanza!

Leo saa nne kamati ikakaa. Bi Mwanaidi naye yumo, ni mjumbe, mjukuu wake namfundisha. Nikatoa hotuba ndefu kuhusu njaa na rangi. Nikasema, "Waheshimiwa, jioneeni wenyewe!" Nikavuta kanga kwa madaha.

Chupa zote mbili kijani. Tena NJAA kijani kuliko SHIBE.

Mwenyekiti akavaa miwani, akasoma karatasi niliyobandika, akasema taratibu, "Mwalimu, njaa yako mbona imenawiri?"

Lo! Walicheka mpaka mwalimu mkuu akajificha uso kwa faili. Nikakiona chumba changu kimeshatundikwa suruali.

Mara Bi Mwanaidi akainuka. "Msimcheke mwanangu. Mie ndiye niliyemlisha yule wa njano."

"Mama!"

"Ehee! Kila siku nakuona unamlisha mmoja, mwenzie anatazama. Nyumbani kwangu mtu hali chakula mwenzie akatazama, hata awe nani. Nikamtilia mbolea ya mchicha wangu kidogo tu, kama chumvi ya mboga. Ijumaa alikuwa njano, maskini, unamhurumia. Jumamosi jioni akaanza kupata rangi. Jana ndiyo kawa hivyo mnavyomwona."

Mwenyekiti akainamia tena ile chupa. "Kwa hiyo hakuwa amekufa?"

"Afe wapi? Alikuwa anangoja chakula."

Wote wakasogea kuichungulia. Mzee mmoja akauliza kama shamba lake la mpunga kule Chanika nalo lina vijidudu hivyo. Yaani kile nilichokihangaikia wiki mbili, Bi Mwanaidi kakieleza dakika mbili, na ushahidi juu.

Chumba kimebaki maabara. Nimeenda chooni nikalia kwa furaha, siwafichi. Ila msinicheke kwa hili la mwisho, maana limeshaandikwa kwenye muhtasari wa kikao na mwenyekiti katia saini: maonyesho yajayo ataeleza Bi Mwanaidi, mwalimu atabeba chupa.